Pongezi za Maji Yasiyotoka

Wadi ya Wazazi, Kituo cha Afya
14 Januari

Mheshimiwa mdogo wangu,

Hatujambo. Mama mzima, masikio ndiyo yanazidi kuziba, lakini redio anaisikia, usiniulize anaisikiaje. Mwanangu, huyo mpwa wako uliyekuwa ukimbeba begani, ana mimba na anatapika kila asubuhi kama paka aliyekula sabuni. Mumewe yuko kazini mbali, huonekana mwisho wa mwezi. Mimi miguu inavimba kwa kusimama wadini. Basi, salamu zimekwisha. Sasa kaa chini unisikilize.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako inapokelewa na katibu wako, na kila nikipiga naambiwa Mheshimiwa yuko kikaoni. Kikao gani hicho kisicho na choo? Ujumbe ninaokutumia unasomwa na haujibiwi. Barua angalau huwezi kuizima.

Jumanne tulikusikia redioni. Spika alipotaja jimbo letu, mama akapiga makofi kabla hujafungua mdomo. Ukaufungua. Ukamshukuru Spika, ukampongeza waziri, ukaishukuru serikali sikivu "kwa kuwafikishia wananchi wangu maji safi na salama, hususan kituo chetu cha afya". Kisha ukaomba taa za barabarani. Taa! Mama alipiga makofi mpaka mwisho. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika ndoo.

Maji gani, wewe? Mradi ulichimba mtaro, ukalaza mabomba mpaka kwenye duka la dawa, ukaishia hapo. Mabomba ya kipande kilichobaki yamerundikwa uani kwetu chini ya turubai, mbuzi wa mlinzi wanayalalia. Bomba la wadini kwangu walilifunga wakalipaka rangi ya bluu, na tangu siku hiyo halijatoa hata jasho. Mwanamke anakuja na uchungu wake, anajishikilia ukutani, na nyuma yake mama mkwe amejitwika dumu la maji. Asiye na mama mkwe anajibebea mwenyewe.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo lenyewe. Wizara ya afya imemwandikia daktari wetu kwamba wadi yoyote ya wazazi isiyo na maji ya bomba itafungwa mwisho wa mwezi wa sita. Wajawazito wote wataenda hospitali ya wilaya, kwa barabara ile unayoijua vizuri maana uliiombea kura. Mwanangu anatarajia mwezi wa saba. Piga hesabu mwenyewe, si ulisoma?

Serikali moja, midomo miwili. Mmoja unasema maji yapo, mwingine unatufungia kwa kuwa hayapo. Na wewe umesimama katikati unaipongeza yote miwili.

Dada yako


Hosteli ya Wabunge
20 Februari

Shikamoo dada,

Huku hatujambo. Wifi yako na watoto wanakusalimu sana. Yule mdogo ameng'oka meno ya mbele na anazungumza kama Spika. Mshikie mama miguu kwa niaba yangu. Mpwa wangu mwambie ajaribu tangawizi.

Barua yako ilikaa kwa katibu wangu mpaka ikapauka, nisamehe. Lakini usinikasirikie kabla hujanisikia, maana jengo hili hulijui. Huku mtu haombi maji mpaka kwanza ashukuru kwa kiu. Ndiyo desturi. Ukisimama unamshukuru Spika kwa nafasi, unampongeza waziri kwa kazi nzuri, unaishukuru serikali kwa chochote kinachokujia mdomoni, ndipo unaomba. Asiyeshukuru haonekani. Mwenzangu mmoja wa jimbo la mpakani alisimama mwaka jana akauliza kavu kavu kwa nini zahanati yake haina dawa. Tangu siku hiyo Spika hamuoni. Ananyoosha mkono mpaka kwapa linaingia baridi, Spika anatazama saa.

Ungewaona ungecheka. Viti vya ngozi, kiyoyozi cha kugandisha samaki, na waheshimiwa wamelala midomo wazi. Ikisemwa "naunga mkono hoja" wanazinduka, wanagonga meza, wanarudi usingizini bila hata kuuliza ni hoja ya nini. Waziri wa maji tumembandika jina la Bwana Mchakato, kwa sababu kila swali kwake lina jibu moja: mchakato unaendelea. Ukimuuliza saa ngapi atakwambia mchakato wa kuangalia saa unaendelea. Halafu mtu kama huyo ndiye wa kupima kama mimi nina adabu au sina! Nawadharau wote, dada, naapa. Ila dharau haitoi maji. Inabidi mtu uwapake mafuta kwa mgongo wa chupa, nao wanapenda kupakwa.

Kwa hiyo usihangaike na zile pongezi. Ni maneno ya mdomoni tu, hakuna anayeyaamini, na asiyeyaamini wa kwanza ni aliyeyasema. Nimeshapeleka swali rasmi kuhusu maji. Linakwenda kwanza kwa waziri alisome, aandaliwe jibu, ndipo lipangiwe siku. Subira.

Kuna mambo mengine yananukia vizuri upande wangu, lakini si ya kuweka kwenye karatasi.

Mdogo wako


Wadi ya Wazazi
18 Machi

Mheshimiwa,

Marahaba. Tangawizi mpwa wako aliinywa, kisha akairudisha. Sasa ameacha kutapika, ameanza kula. Anakula kama anayelipwa. Mama anasema ukiwa redioni uvae koti, sauti yako ina mafua.

Nilikuandikia kwamba wadi inafungwa. Umenijibu viti vya ngozi. Nimeirudia barua yako na miwani nimevaa, neno "wadi" sijaliona. Au katibu wako alilikata?

Juzi lori la mradi liliingia uani. Nikafurahi, mjinga mimi, nikajua wamekuja kumalizia kazi, nikawachemshia chai kwa maji ya kununua. Wakanywa chai yangu, wakafunua turubai, wakaanza kuyapakia mabomba.

Nikamfuata mhandisi. "Mnayapeleka wapi?"

"Jimbo jingine, sista. Huku mradi umekamilika."

"Umekamilikia wapi? Kwenye duka la dawa?"

Mhandisi huyu ni mtu mpole, hata nilipompandishia sauti hakupandisha yake. Akatoa simu akanisomea maneno yako yote, kwa utulivu kama mtu anayesoma dua. Serikali sikivu, maji safi na salama, hususan kituo chetu cha afya. "Yameingia kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge," akasema. "Wizara ikafunga hesabu ya mradi siku ya pili yake. Mbunge wenu mwenyewe kashukuru, mimi ni nani nimbishie mheshimiwa?"

Nikamwambia, huyo mheshimiwa mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga nepi.

"Basi mfunge tena, sista," akasema. "Mimi nimeamriwa kupakia."

Wamepakia wakaondoka. Dereva kaniambia mabomba yamekwenda jimboni kwa Bwana Mchakato wako, kule ambako mchakato huwa unakwisha. Kwa hiyo yale maneno ya mdomoni tu, ambayo hakuna anayeyaamini, yamebeba lori zima la mabomba. Ukweli tunaousema sisi huku haubebi hata spana.

Wiki hii mzazi mmoja nimemwosha mtoto wake kwa nusu birika. Nimemfuta macho, pua na kichwa, nikamfunga. Mama yake akaniuliza, "Sista, na kwingine?" Nikamwambia kwingine ataoga nyumbani. Nimekuwa mkunga tangu hujaota ndevu, na sijawahi kuona aibu kama ile. Aibu si yangu, lakini niliyeivaa ni mimi.

Sokoni wanasema unaandaliwa unaibu waziri. Kweli? Nijibu ndiyo au hapana. Usinijibu mchakato.

Dada yako


Hosteli ya Wabunge
27 Aprili

Shikamoo dada,

Natumaini mama hajambo na koti nimevaa. Wifi yako alikuwa na homa, imepungua. Watoto wamefunga shule.

Swali langu lilifika zamu Jumatano. Nilisimama nikauliza ni lini maji yatafika kituo cha afya. Nilianza na pongezi kidogo tu, dada, kidogo mno, za kufungulia mlango. Bwana Mchakato akainuka akafunga kifungo cha koti, akafungua karatasi aliyoandikiwa. Nakunukulia: "Mheshimiwa Spika, nimshukuru Mheshimiwa kwa swali zuri. Mradi huo umekamilika kwa asilimia mia moja na fedha zote zimelipwa, kama Mheshimiwa mwenyewe alivyokiri ndani ya Bunge lako tukufu mwezi Januari. Labda Mheshimiwa amesahau. Wananchi wake hawajasahau, wanaoga." Ukumbi mzima ukacheka. Waliokuwa wamelala waliamka ili wacheke.

Mtu akishajibiwa ana haki ya swali la nyongeza. Nilikuwa nalo. Nilikuwa nimeliandika kwenye kiganja, nikatazama kiganja, nikamtazama Spika, na Spika alikuwa ananitazama kwa jicho la kirafiki ambalo sijawahi kuliona kwake. Nikasema, "Nashukuru kwa majibu mazuri." Nikakaa.

Usinitukane bado. Nimenunua tangi kubwa la plastiki, kwa pesa yangu mwenyewe, linakuja na lori la saruji wiki ijayo. Liwekeni wadini. Wizara ya afya ikija ikute maji.

Hayo ya sokoni achana nayo. Sokoni wanauza vitunguu, waache wauze vitunguu.

Mdogo wako


Wadi ya Wazazi
17 Mei

Mheshimiwa,

Hatujambo. Mpwa wako tumbo limeshuka kidogo na miguu inavimba kama yangu, sasa tunashindana. Mama anakusubiri redioni, maana siku hizi anaona umekuwa kimya.

Tangi limefika. Limefika likiwa na uso wako. Wewe mzima, umechapishwa kwa rangi, tai nyekundu, meno yote nje, na chini yake maandishi: HISANI YA MHESHIMIWA. Wamelipanga kwenye kona ya wadi, sasa kila mwanamke anayesukuma mtoto anakutazama unavyomchekea. Mmoja juzi katikati ya uchungu alinishika mkono akasema, "Sista, mgeuzeni huyo." Nikakugeuza ukutani. Nepi tunazianika juu yako.

Na ndani hamna kitu. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini lako hata kuvuma halivumi, maana hatuna cha kulitia. Ulifikiri tangi linazaa maji?

Afisa wa wizara ya afya naye amefika. Mwanamke nadhifu, viatu havijui vumbi. Alifungua bomba la bluu, akasubiri, akalifunga. Nikamwonyesha maneno yako ya Bungeni, nikamwambia wenzake wa wizara ya maji wanasema hapa tunaoga. Akasema, "Hiyo ni wizara nyingine." Nikamuuliza kama na serikali ni nyingine. Akaniambia nisimletee siasa. Kabla ya kuondoka akaomba maji ya kunawa mikono. Nikamwambia yapo, wizara nyingine imesema yapo. Wadi inafungwa tarehe ileile.

Sasa nikwambie kitu, na mama hajui kama nakuandikia hivi. Bwana Mchakato simdharau. Yule ni kupe, kupe kazi yake inajulikana. Nakudharau wewe. Wewe unajua, una mdomo, una kiti, na una swali kwenye kiganja, halafu unalifumba. Unaibu waziri unaupata, hongera. Ila mwanangu akijifungulia kwenye gari la vitunguu katika barabara ile, usije kumwona mtoto. Nitakufukuza kwa fagio mbele ya walinzi wako.

Sitaandika tena mpaka utakapokuwa na la kusema.

Sista wa wadi


Hosteli ya Wabunge
12 Juni

Dada,

Shikamoo. Leo salamu ni hiyo tu.

Unaibu waziri ulikuwa kweli. Nilikuwa nimeahidiwa tangu Desemba na mtu mkubwa, kwa sharti moja, nisimsumbue Bwana Mchakato mpaka bajeti yake ipite. Sasa umekuwa moshi, kwa hiyo hakuna tena cha kuficha.

Barua yako nilikaa nayo mfukoni wiki mbili. Jana ilikuwa siku ya bajeti ya maji. Nikanyoosha mkono, na Spika akaniita haraka kwa kujua kwamba nitashukuru. Nikasimama. Nikasema, "Mheshimiwa Spika, sina pongezi. Naomba kufuta kauli yangu ya mwezi Januari. Niliishukuru serikali kwa maji. Maji hayapo. Naomba shukrani zangu zifutwe kwenye kumbukumbu."

Spika akainama kunong'ona na makatibu wake, wakafunua kitabu cha kanuni mbele na nyuma. Kisha akasema, na hakuwa anatania: "Mheshimiwa, kanuni inamruhusu mbunge kufuta matusi. Haijasema popote kwamba anaweza kufuta pongezi."

Nikamwambia basi zile pongezi zihesabiwe kuwa ni matusi, maana kwa wananchi wangu ndivyo zilivyo.

Hapo ndipo meza ziligongwa, za kunizomea. Bwana Mchakato akasimama kuhusu utaratibu, akasema: mbunge huyu ama alilidanganya Bunge Januari, ama analidanganya leo, na vyovyote vile ni mwongo. Spika akaniuliza nachagua lipi. Nikasema Januari. Akasema asante kwa kukiri, nitoke nje nikasubiri kamati ya maadili. Askari wa Bunge akanishika kiwiko kwa heshima zote. Bajeti ikapita kabla sijafika getini, nilisikia "ndiyooo" yao nikiwa kwenye ngazi.

Ndiyo hali. Wanaokula fedha za maji wamekaa, mimi niliyesema hayapo nimetoka. Wenzangu wananipita kwenye korido wakisoma simu. Na wadi yako sijaiokoa, ninajua, maana maneno yangu hayajalaza hata bomba moja. Lakini nimelisema kwa mdomo wangu huu.

Mdogo wako


Wadi ya Wazazi
19 Julai

Mdogo wangu,

Nimechelewa kuandika. Mpwa wako amejifungua salama, mtoto wa kike, hapahapa wadini, mikononi mwangu. Analia kwa sauti ya baba yetu. Mama amembeba akamwimbia, na anauliza mbona husikiki redioni. Nimemwambia redio imeharibika.

Utajiuliza wadini vipi, wakati wadi ilikuwa ya kufungwa. Haikufungwa. Maji yanatoka.

Ilikuwa hivi. Ulipofukuzwa Bungeni, magazeti yaliandika, na wizara ya maji ikataharuki. Walitakiwa waonyeshe kwamba wewe ndiye mwongo, na ili uwe mwongo ilibidi maji yawepo. Basi wakaja, magari mpaka barabara ikajaa. Mabomba yalirejeshwa na lori lilelile, mengine bado yana matope ya kule yalikotoka. Walichimba mchana kutwa, walifukia, walipanda majani juu ya mtaro yaonekane ya zamani, na bomba la bluu wakalikwaruza rangi kwa msasa lionekane limetumika! Miaka yote tumebembeleza kwa heshima na adabu, hakuna aliyekuja. Ulipowaambia ni waongo, wamefika wanakimbia. Watu gani hawa wanaochimba mtaro kwa ajili ya chuki tu, na kwa ajili ya mtu mwenye kiu hawachimbi?

Bomba lilikohoa, likatema kutu, likatoa maji. Nilinawa mpaka viwiko. Nililia, na sikujificha.

Siku ya pili akaja Bwana Mchakato na watu wa televisheni. Mdogo kuliko nilivyomfikiria, na anatembea kama anaogopa kukanyaga nchi. Akafungua bomba, akajaza glasi, akanywa, akasema, "Yuko wapi anayesema hapa hakuna maji?" Watu wake wakapiga makofi. Nilitamani kummwagia glasi ile kichwani.

Mhandisi yule mpole akanivuta pembeni nyuma ya tangi lako. Akasema, "Sista, utaulizwa maji yalianza lini. Mabomba haya ni ya watu wengine, na kwenye karatasi yalilazwa hapa Januari. Ukisema yalilazwa wiki hii, inabidi yarudi yalikotoka, na mimi ndiye nitakayetumwa kuyachimbua. Mimi sikutishi. Nakwambia kazi yao inavyokwenda."

Nikatazama wadi. Vitanda vyote vilikuwa na watu. Mwanangu alikuwa amekaa cha dirishani, anapepewa.

Mwandishi akaniwekea kinasa sauti mdomoni. Niliulizwa, nikajibu. Usiniulize nilijibu nini.

Tangi lako tumelijaza, akiba.

Dada yako


Hosteli ya Wabunge
8 Agosti

Shikamoo dada,

Hongera ya mjukuu. Wifi yako amenunua shuka la mtoto, nitakuja nalo. Mpwa wangu mwambie amefanya kazi kubwa kuliko Bunge zima, na sisemi hivyo kumfurahisha.

Sikukuuliza ulijibu nini. Nimeonyeshwa. Kamati ya maadili ilikaa juzi, wazee wazima tisa kwenye meza yenye maji ya chupa, na shahidi wao alikuwa mmoja tu, kwenye runinga. Nikakuona, dada. Ulivaa sare ya sikukuu. Mwandishi akakuuliza maji yapo tangu lini. Ukasema, "Tangu Januari. Tunaishukuru serikali." Umeshukuru vizuri kuliko mimi, hata hukumeza mate.

Wakasimamisha picha usoni pako. Wengine walikuwa wakicheka kwa tumbo, wengine wanachokonoa meno. Mwenyekiti akasema, "Mheshimiwa, huyu tumeambiwa ni dada yako wa damu. Tunakupa nafasi. Ukisema dada yako anadanganya, tutatuma wakaguzi wachimbue bomba waone lililazwa lini. Ukisema dada yako ni mkweli, basi tunajua cha kuandika." Akaegemea kiti, akaniuliza: "Dada yako ni mwongo?"

Waliojaa mle ni watu wasiojua kuwa kuna wadi. Walidhani wananifundisha adabu. Niliwatazama mmoja mmoja, wale wenye shingo nene, nikaona haya kwamba niliwahi kutamani kukaa nao. Dharau ilinijaa mpaka nikatulia kabisa, dada, kama mtu aliyeshiba.

Nikasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, dada yangu hajawahi kusema uongo tangu azaliwe."

Wakagonga meza. Karani akaandika. Nimefungiwa mpaka Bunge hili livunjwe, na chama kimeniambia nisijisumbue kugombea tena. Chumba cha hosteli natakiwa nikikabidhi Ijumaa.

Nakuja nyumbani kwa basi. Nakuomba jambo moja, na usinibishie ingawa wewe ndiye mkubwa. Akija mkaguzi, akija mwandishi, akikuuliza jirani, mdogo wako ni mwongo. Usiligeuze neno hilo hata siku moja, hata mbele ya mama.

Mdogo wako